Kinachowezekana Hakianguki kwa Kisichowezekana

Somo kwa mwenye kuuchukia uso wake, na kwa wazee na walimu wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtia kila mtu katika sura aliyoitaka Yeye. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, somo hili si la mirathi wala la mambo mazito ya itikadi. Ni juu ya maradhi ambayo mwenye nayo huyaficha, na wazee wake wakiyaona huyaita upuuzi; nayo ni maradhi ya mtu kuuchukia uso wake, mpaka akaacha kwa ajili ya uso huo mambo aliyowajibishwa na Mola wake. Wengi wetu twadhani haya ni mambo ya wanawake. Nami nilidhani hivyo, mpaka yakanifika mlangoni pangu.

SABABU YA SOMO HILI

Alikuwako katika madrasa yangu kijana mmoja, ambaye sitamtaja jina, yatima aliyelelewa na babu yake mzaa mama. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, jiko la mafuta ya taa lililipuka likamchoma shavu la kushoto mpaka chini ya sikio. Mungu akamponya na jicho likasalimika, lakini kovu likabaki. Ngozi ya mahali pale ilikunjika na kuvutana, na ndevu zilipoanza kuota ziliota upande mmoja tu.

Kabla ya hapo alikuwa na sauti nzuri, na katika maulidi ya mtaa wetu yeye ndiye aliyekuwa akisoma Barzanji. Alipopona akaacha kusoma mbele za watu. Nikasema moyoni, hii ni haya ya siku chache, itamwondoka. Kisha akaacha darasa ya alasiri. Kisha akaacha sala ya jamaa. Kisha, baada ya miezi, akaacha Ijumaa. Akawa hukaa chumbani, simu mkononi, akitazama picha za vijana wa miji ya mbali wenye nyuso laini. Wala hakujua, au alijua na hakujali, kwamba nyingi katika picha hizo zimesafishwa kwa mashine kabla ya kuonyeshwa, hata mwenyewe mwenye uso ule hana uso ule.

Siku moja nikamwita nikamkaripia. Nikamwambia kwamba kushughulika na uso ni kiburi na ni kupenda dunia, na kwamba mwenye imani hana haja na kioo. Nikaenda zangu nikidhani nimetoa waadhi. Kumbe nilimfungia mlango wa pili. Kwanza alikuwa akijiona mbaya wa sura, na kwa maneno yangu akajiona mbaya wa dini pia.

Mwaka haukwisha ila babu yake akafariki. Jeneza lilitolewa baada ya adhuhuri, likapita chini ya dirisha la chumba chake, watu wakileta La ilaha illa Llah, naye amesimama nyuma ya pazia. Hakutoka.

Siku ya tatu, baada ya hitima, nikaingia kwake. Akanipa shikamoo bila ya kuinua kichwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Akasema, "Maalim, mimi sina uso. Na asiye na uso hana pa kusimama mbele ya watu. Na sasa babu aliyenilea nimekosa kumzika. Basi yote yamekwisha. Hata nikisali, nasalia nini?"

Maneno hayo sikuyajibu siku ile. Niliyachukua nyumbani nikayafikiri, na somo hili limetoka humo.

ASILI YA MARADHI HAYA

Ukiyachunguza maneno ya kijana huyu utaona kwamba kosa lake halimo katika kuliona kovu. Kovu lipo, na mwenye kumwambia halipo amwambia uwongo, naye ajua kuwa ni uwongo. Kosa limo katika kipimo. Alikuwa na shavu moja lililoungua, akasema hana uso. Alikosa mazishi ya siku moja, akasema yote yamekwisha. Kipimo chake ni kimoja: ama yote, ama si kitu.

Kipimo hiki huharibu mambo kwa njia tatu.

Ya kwanza, kukihukumu kizima kwa sehemu. Mtu ana jicho, ana ulimi wa kusoma Kurani, ana mikono ya kazi, ana haya na adabu; lakini kwa sababu ya kovu, au ufupi, au weusi, au pua, husema, "Mimi ni mbaya," kana kwamba yeye wote ni pua.

Ya pili, kungojea ukamilifu. Husema, "Nitatoka kovu likiondoka. Nitaposa nikinenepa. Nitarudi msikitini uso wangu ukisafika." Na siku hiyo haiji, au ikija, moyo umekwisha tafuta kasoro nyingine. Wazee walisema, mtaka yote hukosa yote.

Ya tatu, kuzihukumu siku zote kwa siku moja. Mtu mmoja alicheka barazani, basi yeye asema watu wote hunicheka. Alishindwa kutoka mara moja, basi asema sitaweza kutoka kamwe. Na wahenga walikwisha tuambia kwamba kuteleza si kuanguka.

KANUNI YA WANAZUONI WETU

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wana kanuni, nayo imo katika Al-Ashbah wan-Nadhair ya Imam Suyuti, isemayo: al-maysuru la yasqutu bil-maasuri. Maana yake, kinachowezekana hakianguki kwa sababu ya kisichowezekana. Asili yake ni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba akituamrisha jambo, tulifanye kwa kadiri tuwezavyo.

Matawi ya kanuni hii mwayajua, kwani mmeyasoma tangu utotoni. Mwenye kukatwa sehemu ya mkono huosha iliyobaki. Asiyekuwa na nguo ya kusitiri uchi wake wote husitiri kiasi anachoweza. Asiyejua Fatiha ila aya chache husoma hizo anazozijua, wala haambiwi anyamaze. Asiyepata pishi kamili ya zakatul-fitri hutoa alichonacho. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Tazameni, ndugu zangu: matawi haya yote yamejengwa juu ya kukusanya kilichobaki. Hakuna hata moja katika haya ambamo sharia ilimwambia mja, "Maadamu umekosa sehemu, acha yote."

Na tawi lililo karibu zaidi na maneno yetu ni hili. Mtu mwenye jeraha usoni, ambalo maji hulidhuru, atatawadhaje? Jawabu ya vitabu vyetu ni kwamba ataosha kilicho kizima cha uso wake, na kwa ajili ya mahali pa jeraha atatayamamu. Hakusamehewa kuosha shavu zima kwa sababu ya shavu bovu. Wala hakulazimishwa kulimwagia maji jeraha ili aonekane ametimiza. Kila sehemu ya uso ule ina hukumu yake, na udhu wake ni udhu.

Niliporudi kwa yule kijana nilimkumbusha mlango huu, kwani alikuwa ameusoma kwangu na akaujibu vizuri katika mtihani. Nikamwambia, "Mwanangu, ulipokuwa na jeraha bichi, sharia ilikutaka uoshe shavu lako la kulia. Sasa jeraha limepona, nawe wasema huna uso. Basi lile shavu ulilokuwa ukiliosha ni la nani?" Akanyamaza, kisha akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu kuungua.

NYUSO ZA WALIOTUTANGULIA

Watu husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda ni kweli kwa mali ya dukani. Ama kwa wanadamu, sikilizeni habari ya Zahir, aliyoipokea Imam Ahmad na Tirmidhi katika Shamail kutoka kwa Anas. Zahir alikuwa mtu wa jangwani, si mzuri wa sura, naye alikuwa akimletea Mtume (s.a.w.) zawadi za jangwa, na Mtume akimpenda. Siku moja Mtume alimkuta sokoni akiuza vitu vyake, akamkumbatia kwa nyuma asimwone. Alipomjua ni nani, Zahir akauegemeza mgongo wake kwenye kifua cha Mtume. Mtume akatania kwa kuuliza ni nani atakayemnunua mtumwa huyu. Zahir akajibu kwamba, wallahi, atamwona ni mali isiyopata mnunuzi. Ndipo Mtume akamjulisha kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si mali iliyokosa mnunuzi, bali ni wa thamani. Zahir alijipima kwa kipimo cha soko, na Mtume akambadilishia kipimo palepale sokoni, mbele ya watu.

Na Abdullahi bin Masuud, ambaye Kurani yachukuliwa kwake, alikuwa na miguu myembamba sana. Alipanda mti wa mswaki, upepo ukampeperusha nguo, watu wakaiona miundi yake wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Hakusema kwamba miguu si myembamba. Alisema ni mizito.

Na Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za tabiina, aliyefariki mwaka 114 wa Hijra, wametaja wenye kuandika tarehe kwamba alikuwa mweusi, chongo, mwenye pua bapa, kiwete, kisha mwisho akapofuka. Na mahujaji kutoka pande zote wakenda kwake kuuliza dini yao.

Wala tusiende mbali. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa na uso uliotobolewa wote na ndui. Ninyi vijana ndui hamuijui. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizo ya kawaida aliugua Merca, katika pwani ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Zamani wazee wenye alama zake walikuwa wengi. Sisi watoto tuliokaa mbele ya mwalimu yule tukishika mbao zetu hatukupata kumfikiria kuwa ni mbaya wa uso. Tulichokiogopa ni fimbo yake, na tulichokipenda ni sauti yake.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Sasa naja kwenye kosa langu mwenyewe, kwani nalo ni la jinsi ileile. Kijana alisema, uso ni kila kitu. Mimi nikamjibu, uso si kitu. Sote wawili tulikuwa na kipimo kimoja, ila yeye alishika ncha hii na mimi nikashika ncha ile.

Uislamu hausemi kwamba uso si kitu. Sahaba mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, kama hicho ni kiburi. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Na Arfaja bin Asaad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akatia pua ya fedha, ikaingia harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie pua ya dhahabu. Na dhahabu, kama mjuavyo, ni haramu kwa wanaume. Hakumwambia Arfaja kwamba pua ni dunia. Aliijua dhiki ya mtu kukaa mbele ya watu bila ya pua, akamfungulia mlango ambao kwa wengine umefungwa.

Basi kujitibu kunafaa. Mwenye kovu aende kwa tabibu. Mwenye chunusi atafute dawa. Nywele zichanwe, ndevu zitengenezwe, kanzu ifuliwe, mafuta mazuri yapakwe. Hii yote ni katika sunna.

Lakini mlango huu nao una mpaka. Wako vijana wetu, wanaume pia, wanaojipaka dawa za kung'arisha ngozi wasizojua zimetiwa nini. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya mwilini ikaharibu mafigo. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yalizikataza zile zenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 mataifa yaliyomo yakakubaliana kwamba hata kiasi hicho mwisho wake uwe mwaka 2025. Na juu ya hayo bado huuzwa kwa siri. Kuondoa dhara ni jambo moja, na kujiletea dhara kwa kuichukia rangi aliyokupa Mola wako ni jambo jingine. Mwenyezi Mungu katika Suratu Rrum amezitaja tofauti za rangi zetu pamoja na tofauti za ndimi zetu miongoni mwa ishara zake. Nani aifutaye ishara kwa dawa ya kopo?

SUALA NA JAWABU

Suala: Kuona haya kwa sababu ya uso, je, ni udhuru wa kuacha Ijumaa?

Jawabu: Imam Nawawi katika Minhaj ametaja nyudhuru za kuacha jamaa, kama mvua, matope mengi, maradhi, khofu, na kukosa nguo. Sura ya uso haikutajwa humo. Ijumaa ni faradhi juu ya mwanamume huyo. Lakini asidhani kwamba ni lazima aje kama wanavyokuja wengine. Na aje khutba ikikaribia kuanza, akae safu ya nyuma, aondoke baada ya salamu. Atapungukiwa fadhila ya kutangulia, na faradhi ataipata. Kinachowezekana hakianguki kwa kisichowezekana.

Suala: Je, apata dhambi kwa kuhuzunika?

Jawabu: Huzuni ya moyo peke yake si dhambi. Bali Mtume (s.a.w.) amejua kwamba jicho la mtu hukimbilia kwa aliyepewa zaidi katika mali na katika umbo, akatufunza tukiona hivyo tumtazame aliye chini yetu. Ameipokea Bukhari na Muslim. Ajizoeze hayo kidogo kidogo, na aanze kwa kuipunguza ile simu.

Suala: Je, mtu kama huyu aweza kuposa?

Jawabu: Naam. Kovu la moto halimo katika aibu ambazo kwazo ndoa hufaa kuvunjwa. Na kutazamana kabla ya ndoa ni sunna, kwa mwanamume na kwa mwanamke pia. Basi asijifiche. Na amwache mwanamke amtazame, akubali au akatae. Akikataa, amekataa mmoja, wala hawakukataa wote.

Suala: Na sisi wazee wajibu wetu ni nini?

Jawabu: Kuuzuia ulimi. Twawaita watoto "chongo", "kibogoyo", "mweusi kama chungu", kisha twasema ni mzaha. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat amekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kebehi, wala hakutoa ruhusa kwa mzaha. Mwenye kucheka hulisahau neno lake kabla ya magharibi, na aliyechekwa aweza kulala nalo miaka.

MWISHO WA HABARI

Limebaki lile neno la kijana, kwamba babu amekosa kumzika, basi yote yamekwisha.

Nikamwambia, "Kulibeba jeneza kumekwisha, na hilo halirudi. Lakini je, sala imekwisha?" Akasema hajui. Nikamkumbusha hadithi ya yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.), aliyekufa wakamzika bila ya kumwarifu, Mtume alipouliza akaambiwa, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia palepale. Na katika madhehebu yetu, aliyekuwa baleghe na mwenye kulazimiwa na sala ile siku alipokufa maiti, aweza kumsalia kaburini baada ya kuzikwa.

Tukaenda siku ya pili yake, baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajajaa njiani. Alikuwa amejifunga kilemba, upande mmoja ameushusha mpaka shavuni. Sikumwambia akiondoe. Tukasimama mbele ya kaburi, yeye ndiye imamu, mimi nyuma yake. Akapiga takbira nne. Katika ile ya tatu, ambayo ndiyo mahali pa kumwombea maiti, alikawia sana, na mimi nikakawia naye.

Ijumaa iliyofuata alikuja, khutba imekwisha anza, akakaa safu ya mwisho karibu na mlango wa viatu. Hata sasa hasali jamaa sala zote tano. Huja alfajiri na isha, wakati wa giza. Kilemba bado hukishusha. Katika maulidi ya mwaka huu alisoma fasili moja, naye amekaa nyuma ya nguzo. Sauti ile ile. Mimi sikumwomba zaidi ya hapo, nami nawaomba ndugu zangu wenye watoto na wanafunzi wa namna hii msiwaombe zaidi ya wanachoweza leo, wala msiwaachie chini yake.

Ewe Mola wetu, kama ulivyotuumba vizuri, zifanye nzuri na tabia zetu. Tuepushe na macho ya kuwadharau viumbe vyako, na uturidhishe na sura ulizotuchagulia. Utukubalie kidogo chetu, wala usituache tukakitupa. Amin.